Tundu Katikati ya Bimu

Siku ambayo Shiuli alikuwa apakwe manjano, dada yake Jhumur alikuwa bado darasani chuoni, mjini Mymensingh, safu ya tatu, begi la safari kalibana katikati ya miguu. Dada wengine wa bibi harusi wangekuwa nyumbani tangu juzi. Yeye alibakizwa na jaribio la saa tano asubuhi, kwa kuwa mwalimu wa somo lile hakuwa na habari na harusi ya mtu. Jhumur alishapanga mambo yake: saa sita yuko stendi, saa nane na nusu yuko nyumbani Netrokona, na baada ya swala ya alasiri yuko juu ya paa pamoja na wageni mia moja, anampaka mdogo wake manjano mashavuni.

Kabla ya jaribio palikuwa na somo. Mwalimu, mwanamume mwembamba aliyependa kuuliza kuliko kueleza, alichora ubaoni bimu ndefu iliyolalia nguzo mbili.

"Tuliposoma habari ya kupinda, tulisema nini?"

"Juu inabanwa, chini inavutwa," darasa likaitikia.

"Na katikati ya kimo chake?"

"Sifuri," Jhumur alisema kabla ya wote. Jibu hilo alilipenda. Likizo fupi iliyopita alilibeba hadi nyumbani, akalitumia mbele za watu, na lilimletea sifa.

"Sifuri ya nini?"

"Ya mkazo."

"Mkazo upi, binti? Maana hauko mmoja."

Mwalimu alikuja hadi kwenye meza yake, akachukua daftari lake nene, akalishika ncha mbili na kulipinda mbele ya darasa. "Tazameni kingo za kurasa. Mnaona zinavyoteleza, kila ukurasa juu ya mwenzake? Sasa chukua gundi, ugandishe kurasa zote. Daftari litakuwa gumu, halipindiki tena kirahisi. Kwa nini? Kwa sababu kila ukurasa unamzuia mwenzake asiteleze. Kule kuzuiana ndiko tunakokuita mkazo wa kukata. Bimu ni daftari lililogandishwa."

Alirudi ubaoni, akachora mstari wa mkazo huo: ulianza sifuri juu, ukavimba kama tumbo, ukarudi sifuri chini. Kisha akagonga chaki pale kwenye tumbo. "Mkazo huu ni mkali kuliko kote hapa, katikati ya kimo, palepale mlipokuwa mkiniimbia sifuri. Na ukiifuata bimu kwa urefu, unazidi kadiri unavyokaribia nguzo, kwa kuwa mzigo unashukia huko. Ndiyo maana ringi za nondo, zile pete za chuma zinazoizunguka bimu kwa ndani, zinabanana karibu na nguzo. Mtu asiyejua hili anajua nusu ya bimu, na hiyo nusu ndiyo inayoua watu."

Kalamu ya Jhumur ilisimama. Alinyoosha mkono bila kujua kama ameunyoosha.

"Mwalimu, mtu akitoboa tundu hapo? La inchi nne. Kama shubiri mbili kutoka kwenye nguzo."

Darasa likacheka. "Nani atatoboa hapo?" mwalimu alisema. "Labda aliyeichoka nyumba yake. Na ringi je, amezikata?"

"Mbili."

Kicheko kikakatika. Mwalimu aliweka chaki chini. "Nyumba ya nani?"

"Ya kwetu."

"Juu ya bimu hiyo kuna nini?"

"Paa la zege, na chumba kidogo. Na tangi la maji la lita elfu, jipya." Alilivuta begi karibu. "Na leo kuna watu mia moja. Mdogo wangu anaolewa."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayesoma hesabu ambayo halipendi jibu lake. "Nenda," alisema. "Watu wasipande. Tangi litolewe maji. Kisha weka miti ya kutegemeza chini ya bimu, huku na huku ya tundu. Usianze kueleza, anza kutegemeza. Kueleza utaeleza baadaye."

"Na jaribio, mwalimu?"

"Jaribio ni saa tano na litafanyika saa tano. Nimekwambia nenda."

* * *

Basi lilipotoka stendi Jhumur alikuwa ameshampigia baba yake mara sita. Simu iliita tu. Mzee Mozammel, karani mstaafu wa ghala la nyuzi za magunia, siku hiyo alikuwa baba wa bibi harusi, na simu yake ilikuwa ndani ya koti lililotundikwa mahali.

Alikaa dirishani, na kilichomjia si mashamba ya mpunga bali sauti yake mwenyewe ya siku kumi na moja zilizopita. Loo, sauti ile. Walikuwa wote sebuleni. Chumba kidogo cha juu, alichojengewa mkwe ajaye kulala, kilikuwa kimekwisha, limebaki bomba la choo chake. Bomba lilipaswa kupita chini ya dari ya sebule na kutoka nje, na njiani palikuwa na bimu kubwa.

"Tunalipitisha chini ya bimu," alisema Fundi Tofazzal, ambaye ndiye aliyeijenga nyumba ile miaka kumi na minne nyuma.

"Lining'inie juu ya vichwa vya wakwe?" mama yake, Hasna Banu, aliuliza. "Wanakunywa chai, na choo kinapita utosini?"

"Basi tuzunguke kwa jikoni."

"Tuvunje jiko wiki ya harusi? Toboa tu hiyo bimu, Fundi."

"Bimu haitobolewi, mama."

"Kwa nini?" Jhumur akadakia. Swali lilikuwa la haki, ila namna alivyoliuliza haikuwa ya haki. Alikuwa ameegemea mlango, kitabu mkononi, na baba yake alikuwa akimtazama kwa macho ya kujivunia.

Fundi alijikuna shingo. "Haitobolewi. Aliyenifundisha hakutoboa, nami sijatoboa. Wewe pinda mwanzi uone. Haupasuki juu wala chini. Unapasuka ubavuni, katikati."

"Fundi, zege si mwanzi," Jhumur alisema, na baba yake akacheka, na mama yake akacheka, na hata Shiuli akacheka. Kisha Jhumur akawaeleza. Juu inabanwa, chini inavutwa, katikati sifuri, katikati hapafanyi kazi yoyote. Alipanda juu ya stuli na penseli, akachora duara safi katikati ya kimo cha bimu, karibu na nguzo. Saa moja baadaye tindo ilipogonga chuma, Fundi aliteremka kuuliza. "Ringi mbili zimekaa njiani, binti. Nizikate?" Naye akajibu, "Kata, Fundi, hazina kazi hapo." Mzee Mozammel alimwambia fundi, kwa utani unaouma, kwamba sasa nyumba imepata injinia na yeye apunguze bei yake. Tofazzal hakujibu. Alikata, akapitisha bomba, akapiga plasta, akaondoka bila kunywa chai aliyowekewa.

Sasa ndani ya basi Jhumur alijionea haya hadi masikio yakawaka. Alimpigia mdogo wake.

"Dada, uko wapi?" Shiuli alikuwa na furaha, nyuma yake ngoma na wanawake. "Njoo uone jukwaa langu. Wametandika juu ya paa, wamelifunika tangi kwa kitambaa cha njano, ndilo nitakaloliegemea. Huwezi kujua kama ni tangi."

"Shiuli, nisikilize. Usipande juu. Mtu yeyote asipande. Bimu ya sebuleni haiko salama."

"Dada, usianze."

"Sianzi kitu. Mpe baba simu."

Simu haikumfikia baba. Ilinyakuliwa na Shangazi Monowara, dada mkubwa wa baba, aliyekuja tangu Jumatatu na kuzishika funguo za kabati zote. "Jhumur, mwanangu," alisema kwa sauti ya asali, "kutanguliwa na mdogo wako ni majaaliwa, si aibu. Na wewe siku yako itakuja. Lakini kumtia mwenzio nuksi siku ya manjano, hilo si jambo jema."

"Shangazi, paa linaweza kuanguka."

"Astaghafirullah. Umesikia unavyosema? Linaanguka kwa nini, leo, miaka yote lisianguke?" Akakata simu, na kutoka hapo simu ile haikupokelewa tena.

* * *

Bajaji ilimteremsha mwanzoni mwa kichochoro saa sita na nusu. Mbele ya nyumba yao palisimama lango la harusi, refu kupita paa, limejengwa kwa mianzi minene na kuvishwa vitambaa vya njano na nyekundu. Jhumur alipita chini yake bila kumsalimu mtu.

Sebule ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa. Alivuta kiti hadi kwenye kona, chini ya tundu, akapanda, akasukuma kando shada la maua ya karatasi. Alikuwa bado na tumaini dogo, kwamba labda hesabu imekosea, labda zege ina nguvu kuliko inavyosemwa. Ufa ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba, uzi tu, umeanzia kwenye ukingo wa bomba na kuteremka mshazari kuelekea kwenye nguzo, na mwingine kama huo ulipanda upande wa pili. Ulikuwa umepasua rangi ambayo haikuwa na siku tano.

"Shuka hapo, una viatu," mama yake alisema.

"Baba yuko wapi?"

Mzee Mozammel aliingia akiwa na kanzu mpya, uso umejaa jasho na raha. Jhumur alimwonyesha ufa. Alimwambia alichokosea, kwa maneno machache. Baba alisikiliza huku macho yake yakienda mlangoni, walikokuwa wakipita wapishi.

"Ni rangi," alisema. "Rangi mpya hupasuka."

"Si rangi, baba. Nilikosea. Pale nilipochora ndipo mahali pabaya kuliko pote."

"Siku ile ulisema hapana kazi."

"Nilikuwa sijasoma nusu ya pili."

"Basi kesho kutwa utasoma nusu ya tatu, na utarudi kuniambia nijenge upya." Alimshika bega, si kwa ukali. "Mwanangu, nimewaita watu mia moja. Wakwe wanafika alasiri na trei zao za zawadi. Nitawaambia nini? Kwamba injinia wangu amebadilisha mawazo?"

Shangazi Monowara alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la manjano. "Mwache ajipumzishe, kaka. Safari imemchosha," alisema, na wanawake wawili waliokuwa wakipanga maua wakatazamana. Jhumur aliliona tazamo lile na akalielewa. Lilimchoma, lakini hakuwa na nafasi ya kuchomeka. Alitoka.

* * *

Fundi Tofazzal alikuwa nyumbani kwake nyuma ya msikiti, amekaa kibarazani na fulana, anakula wali na dengu. Mtu aliyealikwa kwenye harusi yenye nyama ya kutosha, anakula dengu kwake.

"Hukuja, Fundi," Jhumur alisema.

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Tofazzal alitafuna, akameza. "Ile bimu. Nilimwambia mke wangu, wakituletea chakula tutakula hapahapa. Chini ya ile bimu mimi sikai, na watoto wangu hawakai."

Jhumur alishika mwimo wa mlango. Mtu huyu alikuwa akijua siku zote kumi na moja, na alikuwa amenyamaza. "Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mkacheka." Alinawa mikono bila haraka. "Mimi sijui kusoma, binti. Ukiniuliza kwa nini, sina kwa nini. Ninachojua nilikijua kwa kuona vikianguka. Sasa mtu asiye na kwa nini atabishana na mwenye kitabu?"

"Fundi, nilikosea. Ulikuwa na haki. Mwanzi na zege ni mamoja kwa jambo hili, vyote hupasukia pale katikati. Leo ndiyo nimefundishwa."

"Sema tena. Mke wangu yuko ndani, hakusikia."

Jhumur aliyasema tena, kwa sauti, neno kwa neno, na majirani wawili wakageuka kumsikiliza. Tofazzal aliitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, na kuumwa kwake kote kukaisha. Alichukua msumeno, nyundo, na kipande cha ubao cha kuchongea kabari.

"Miti tunayo?" aliuliza wakiwa njiani.

"Hatuna. Maduka ya mianzi yako ng'ambo ya mto."

"Ukienda na kurudi ni saa mbili." Walikuwa wamefika mbele ya nyumba. Wote wawili walisimama, na wote wawili wakaliangalia lango.

* * *

Mapambo yalianza kuanguka saa nane kasoro. Tofazzal alikata kamba, Jhumur akivuta vitambaa na kuvitupa ukutani, na mwanzi wa kwanza ulipolala chini wapishi waliacha masufuria yao. Shangazi Monowara alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Mzee Mozammel alitoka mbio, akaona lango la mwanawe limebaki mifupa.

"Umerogwa?" alisema. "Jhumur, mimi nimekukosea nini?"

"Baba, nipige baadaye. Sasa nipishe."

Hakumpiga. Hakuwahi kumpiga. Lakini alikaa kwenye ngazi za mlango akajishika kichwa, na Jhumur ilibidi amruke miguu kila alipoingiza mwanzi, mara nne, na mara zote nne alitamani ardhi immeze.

Fundi alipima kimo, akakata, akasimamisha miwili upande huu wa tundu na miwili upande ule, kila mmoja juu ya ubao. Kabari alizisukuma chini yake kwa kidole gumba hadi zikakaa. "Usigonge," alimwambia Jhumur. "Tusiisukume bimu juu. Mti unagusa tu, unangoja. Kama nyumba haiuhitaji, hizi kabari zitachomolewa kwa mkono, na mimi na wewe tutachekwa hadi kiama."

Kisha Jhumur alipanda juu na kufungua bomba la tangi. Alivua kile kitambaa cha njano, akasogeza kiti cha bibi harusi mbali, akafunga mlango wa ngazi ya ndani na kutia funguo ndani ya blauzi yake. Maji yalimwagika kichochoroni kwa muda mrefu. Ngazi ya nje, ile ya chuma ambayo mafundi walikuwa wakipandia, aliisahau.

Wakwe walifika mapema. Walikuta kichochoro kimejaa matope, hakuna lango, na sebuleni mianzi minne imesimama kama kwenye nyumba inayojengwa. Mjomba wa bwana harusi, mwenye miwani na fimbo, alikaa kwenye kochi kati ya mianzi miwili akajaribu kuweka miguu yake mahali. Trei ziliingia: sari, vyungu vya mtindi mtamu, na samaki mkubwa aliyevishwa ushungi mwekundu na kipini puani kama bibi harusi. Aliyembeba samaki alikosa pa kumweka.

"Kuna ujenzi?" mjomba aliuliza.

"Kidogo tu," alisema Mzee Mozammel, na shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. "Fundi aliharibu bimu wakati wa kupitisha bomba. Tunarekebisha."

"Fundi gani huyo? Mtu wa namna hiyo afungiwe kazi."

"Huyo hapo."

Macho yote yalimgeukia Tofazzal aliyesimama mlangoni, nyundo mkononi, vumbi la mwanzi nyusini. Alifungua mdomo akaufunga. Jhumur alimwona anavyoufunga, kama siku ile.

"Si yeye," alisema. "Yeye alikataa. Nilichora mimi. Alipouliza akate ringi, nilimwambia kata. Mimi ndiye ninayesoma uhandisi, mjomba, na mimi ndiye niliyeharibu."

Shangazi Monowara alifunika uso kwa ncha ya sari. Mjomba alivua miwani, akaifuta, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Basi tushukuru tumemposa mdogo."

Hapo ndipo ngoma iliposikika juu ya vichwa vyao. Vijana wa bwana harusi, wapatao ishirini, hawakuwa na muda na mianzi wala na miwani ya mjomba. Walikuwa wameiona ngazi ya nje. Miguu ilipiga zege kwa pamoja, mara mbili, tatu, na Jhumur alikimbia uani akipiga kelele washuke. Waliteremka wakicheka, wakimwuliza dada mbona mkali hivyo, na aliporudi ndani hakuna aliyekuwa amesikia kitu isipokuwa Tofazzal, ambaye alikuwa ameinua uso kuangalia kona.

"Mmeona?" alisema Shangazi Monowara. "Wamepanda, wamecheza, wameshuka. Kiko wapi kilichoanguka? Kaka, toa hivi vijiti vya watu, wageni wapate pa kukaa. Tumechekwa vya kutosha."

Mzee Mozammel alimtazama binti yake mkubwa, na katika kutazama kule hapakuwa na hasira tena, palikuwa na uchovu. Alichukua nyundo mkononi mwa Tofazzal. Fundi aliiachia. Mzee alipiga magoti na kanzu yake mpya kwenye mwanzi wa karibu na nguzo, akashika kabari kwa vidole aichomoe.

Haikutoka. Akaigonga kwa nyundo, kidogo, ubavuni. Haikusogea. Akagonga kwa nguvu, na nyundo ikarudi mkononi mwake kama imegonga jiwe. Kabari ile Tofazzal aliisukuma kwa kidole gumba mbele ya macho yake, saa mbili zilizopita. Mzee aliweka kiganja kwenye mwanzi. Ulikuwa umepinda, upana wa kidole tu, na ndani yake mlikuwa na mlio mdogo usiokatika. Alipandisha macho taratibu hadi kwenye bimu. Ufa uliokuwa uzi sasa ungeweza kupitisha sarafu.

Hakusimama mara moja. Alibaki amepiga magoti, mkono kwenye mwanzi, kama anayeogopa kuuachia. "Shiuli yuko wapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa yake.

"Chumbani, anavishwa," alisema Hasna Banu.

"Mtoeni. Mtoeni kwa dirisha, asipite hapa. Mjomba, inuka, taratibu, tafadhali. Wote nje. Msikimbie."

Walitoka kwa kunyata, na trei, na samaki. Shangazi Monowara alifika uani kabla ya wote, bila viatu, funguo za kabati zikilia kiunoni. Wa mwisho kutoka walikuwa Tofazzal na mzee, na mzee alimrudishia nyundo kwa mikono miwili.

* * *

Shiuli alipakwa manjano kwenye ua wa jirani, juu ya kitanda cha kamba cha kuazima. Wimbo ulianzishwa na haukushika. Watu walikuwa wakigeuka kila mara kuitazama nyumba, ambayo ilisimama vilevile, na rangi yake mpya, na mlango wazi.

Jhumur alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akachovya vidole kwenye sinia. Kucha zake zilikuwa na vumbi la mwanzi.

"Dada," Shiuli alisema polepole, wengine wasisikie, "jukwaa langu walikuwa wameliweka kwenye tangi. Tangi liko juu ya wapi?"

Jhumur hakutaka kujibu, lakini siku hiyo alishaachana kabisa na kusema nusu ya jambo.

"Juu ya tundu," alisema. "Palepale nilipochora."

Shiuli alimtazama. Kisha akamwinamishia shavu, akafumba macho, akangoja. Jhumur aliinua mkono ampake, na manjano yakamdondokea mdogo wake mapajani, na ilibidi mama yake aje kumshika kiwiko.